Mtani Aliyekufa Kwenye Kila Kinyungu

Nilipofunga biashara yangu ya vitenge pale Mwanjelwa na kurudi kwetu Iringa, wenzangu wa Mbeya waliniambia nitachoka na kijiji kabla mizigo haijafunguliwa. Hawakunijua. Nilifungua mgahawa wa chai palepale darajani, barabara ya kwenda Idodi, mahali ambapo magari ya watalii hupita mbio bila kusimama na malori ya vitunguu husimama bila kuombwa. Chai ya tangawizi, chapati, maandazi, na siku ya gulio supu. Maji nilichota mtoni, nyuma ya jiko. Mto wenyewe ni kijito tu, mwenye miguu mirefu anauruka, lakini tangu nipate akili haujawahi kukauka, na maji yake yalikuwa matamu kiasi kwamba madereva walikuwa wanajaza madumu ya kwenda nayo mjini.

Juu ya daraja, bonde lote ni vinyungu. Kwa msiotoka huku, kinyungu ni bustani ya bondeni, penye udongo wenye unyevu, inayolimwa kiangazi wakati mashamba ya milimani yamekauka kau. Tunainua matuta marefu, chini yake tumelaza majani, na kati ya tuta na tuta tunaacha mfereji wa kutoa maji yanayozidi. Mifereji yote inateremka moja kwa moja mpaka mtoni. Ndivyo walivyolima bibi zetu. Tofauti ni kwamba bibi zetu hawakuwa na mbolea ya dukani wala dawa ya kuua kantangaze, yule mdudu anayetoboa nyanya.

Kinyungu cha mama yangu ndicho cha mwisho kule juu, karibu na chemchemi. Sehemu yake nzuri kuliko zote ni ile ya chini, inayogusa maji, udongo mweusi ambao ukiuminya unatoa jasho. Hapo ndipo alipokuwa anapanda mahindi ya Krismasi. Watu wengine Desemba ndiyo kwanza wanapanda, mama yangu anavuna mabichi. Kila mwaka anajaza magunia, anayapakia kwenye basi: la kaka yangu Dodoma, la mdogo wangu Dar, na enzi zile la kwangu Mbeya. Kondakta alikuwa ananipigia simu kwa hasira. "Njoo uchukue mzigo wa mama yako, unalowesha mabegi ya watu!" Nilikuwa naenda stendi nikicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kwetu Krismasi bila yale mahindi ilikuwa Jumatano tu.

Sasa sikilizeni. Mwaka mmoja mvua za kwanza zilipopiga, dereva wa lori alikunywa chai yangu, akatema chini.

"Dada," akasema, "leo umekorogea chai kwenye pampu ya dawa?"

Mimi sina subira, nimezaliwa hivyo. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alipoondoka nikaonja mwenyewe. Toba! Chai ilikuwa na harufu ya shamba la nyanya siku ya kupuliza dawa. Nikaenda nyuma kutazama mto. Maji yalikuwa ya kahawia, yana povu pembeni, na bata wangu walikuwa wanaelea bila kupiga miguu. Mama bata na vifaranga vyake vyote. Nililia. Mtu mzima nimesimama mtoni na mwiko mkononi, nalilia bata, na sioni aibu kulisema hilo.

Nilipiga kelele mpaka zikafika ofisi ya bonde la maji. Wakamtuma dada mmoja mwenye mabuti ya mvua. Akachota maji kwenye vichupa, akapanda na kushuka bondeni, akarudi akakaa kwenye benchi langu.

"Mama, hapa hakuna bomba la kiwanda tukalizibe," akasema. "Uchafu wenu hautoki mahali pamoja. Unatoka kila mahali kidogo kidogo. Mvua ndiyo inaukusanya."

"Mdogo wangu," nikamjibu, "bata wangu hawakufa kidogo kidogo."

Sikumwamini hata chembe. Mimi nilitaka mtu. Mtu mmoja, mwenye jina na sura, nimshike shati. Alipoondoka tu nikafunga mgahawa, nikajifunga khanga kiunoni, nikaanza kupanda bonde kumtafuta muuaji.

Kinyungu cha kwanza juu ya daraja ni cha fundi baiskeli. "Mimi?" akashangaa. "Mimi napuliza kiduchu tu. Nenda kwa huyo wa juu yangu, anapuliza mpaka mbwa wake anapiga chafya." Akachukua fimbo akanifuata, naye ana uchungu na maji. Tukafika kwa mwenye mbwa. Huyo akaapa kwa jina la Mungu kwamba anatumia mbolea ya kopo moja moja, ila wa juu yake, mama wa kabichi, ndiye anayemwaga mbolea kama chumvi kwenye mboga ya msibani. Naye akaungana nasi. Mama wa kabichi akatupa mahindi ya kuchoma, akatuonyesha wa juu yake, akambeba mtoto mgongoni akatufuata. Ikawa hivyo kinyungu hadi kinyungu. Kila tunayemfikia hana kosa, kila mmoja anajua nani ana kosa, na kila mmoja anaingia kwenye msafara. Mpaka tunakaribia juu tulikuwa bonde zima, tunatafuna mahindi, tunalaani kwa sauti moja. Haki ya Mungu, niliona fahari.

Tukafika kwa mama.

Alikuwa ameinama anapalilia. Akanyanyuka, akaukazia macho ule umati. "Kamwene," akatusalimu. Tukaitikia. Juu yake hapakuwa na mtu mwingine wa kusingiziwa. Palikuwa na miti, na chemchemi inatoka kwenye jiwe, maji safi kama ya kuoshea kikombe cha padri. Tukayatazama yale maji. Tukatazamana. Kisha nikaona macho yote yanahama taratibu, yanatua kwa mama yangu, kwa nafuu kubwa.

"Basi ni huyu," fundi baiskeli akasema.

Ningemtetea, lakini pampu ya dawa ilikuwa pale pale ukingoni, imeinamishwa, inachuruzika.

"Nimeiosha, ndiyo," mama akasema. "Nikaioshee wapi? Kanisani?"

Pakawaka moto. Mama wa kabichi akasema pampu ya bibi mmoja haiwezi kuua bata kule darajani, na wewe fundi baiskeli, ile oili chafu unaimwaga wapi? Fundi akasema kama ni kusema tuseme yote, huyu mama chai maji yake ya vyombo, na masabuni, na mafuta ya maandazi, yanaenda wapi? Nikaanza kukaza khanga kiunoni. Mwenye mbwa ndiye aliyeanza kucheka. Alisema, "Jamani, si tumekuja kumkamata mwizi? Mbona polisi wote ndio wezi?" Watu wakacheka, lakini kile kicheko cha kuangalia pembeni. Tukateremka kila mtu na njia yake.

Yule dada wa mabuti alirudi, safari hii tukamsikiliza. Tukaunda jumuiya ya watumia maji, na mimi nikachaguliwa mwenyekiti kwa sababu ndiye niliyekuwa na sauti kubwa. Alitukumbusha sheria inayokataza kulima ndani ya mita sitini kutoka mtoni. Ukipima mita sitini kwa mama yangu, kinyungu chote kimeisha, na choo chake kimeingia. Akasema basi, tuanze na tunachoweza kukishika: kila mtu aache ukanda kando ya maji bila kulima, uote majani ya kuchuja tope na mbolea, mifereji ikatishe mteremko badala ya kuteremka nao, pampu zioshewe kwenye shimo mbali na mto. Akapigilia vigingi kuonyesha ukanda unapoishia. Wote tukanyoosha mikono. Ilipofika kiangazi, watu wanaanza kuinua matuta, kila mmoja akawa anamsubiri mwenzake.

"Aanze mwenyekiti," wakasema.

"Mimi sina kinyungu."

"Mama yako anacho."

Nikapanda kwa mama. Nilianza kwa upole, nawaambia ukweli. Nilimweleza habari ya kigingi, habari ya ukanda, nikataja bata. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Ukanda huo ndio wenye mahindi ya Krismasi," akasema.

"Najua, mama."

"Nikiuacha, nitawatumia nini? Mawe?"

"Tutanunua mahindi, mama. Sokoni yapo. Hata sisi tunaweza kukutumia wewe."

Hapo ndipo nilipoharibu. Akaweka ungo chini. "Mkinunua," akasema, "na mkinitumia, mimi nitakuwa nani?"

Mtu wa hasira akikosa jibu hupandisha sauti. Nikapandisha. Yeye akanyamaza. Na mama yangu akinyamaza, mjue kumenyamaza. Tangu siku ile hakunisemesha. Nikienda kwake anaongea na kuku: "Kuku, mwambie mwenyekiti chakula kiko mezani." "Kuku, muulize mwenyekiti kama amekuja kupima na kitanda changu." Huwezi kugombana na mtu anayeongea na kuku. Niliumia, jamani. Usiku mzima nilikuwa nawaza kwamba namnyang'anya mama yangu kitu ambacho hata kukitaja jina siwezi.

Jirani na mgahawa wangu kuna duka la pembejeo. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kingoni. Alikuja zamani na lori kutoka Songea, lori likaharibika, akangoja spea, akaoa. Ndiye aliyetuuzia hizo dawa zote, msimsahau kwenye hesabu ya dhambi. Sasa sisi Wahehe na Wangoni babu zetu walipigana vita, kwa hiyo wajukuu tunatukanana bure, hakuna kununiana. Ni watani. Yeye alimwita mama yangu "mateka wangu", mama akamwita "mkimbizi". Mtani anaweza kukuchukulia kuku wako ukimwona, ukacheka. Kwenye msiba anaweza kulala kaburini akasema marehemu hazikwi mpaka alipwe, na atalipwa. Anachodai mtani kwa utani hunyimi, na ukinuna wewe ndiye mwenye aibu.

Siku hiyo niliingia dukani kununua sabuni, nikajikuta nimemwaga yote. Mama, kuku, kigingi, wale wanafiki wa bondeni. Alikuwa na kikombe chake cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ananisikiliza huku anapunga nzi.

"Umemaliza, mtumwa wangu?"

"Nimemaliza."

"Basi nenda kapike chai. Kesho nitakufa."

Nikajua amelewa.

Asubuhi mtoto wa mama wa kabichi akaja mbio darajani: Mngoni amekufa kwenye kinyungu cha bibi! Nikakimbia. Nikamkuta amelala chali kwenye mfereji wa mama, miguu imeelekea mtoni, shati jeupe, khanga kifuani, na pamba amejiziba puani kama maiti kamili. Watu walikuwa wameshajaa. Mama amesimama juu yake na jembe.

"We Mngoni! Toka kwenye mfereji wangu!"

"Marehemu hasikii," akasema yule maiti.

"Umekufa na nini?"

"Maji yako. Nimekunywa, nimekufa. Wahehe mmeshindwa kutuua kwa mikuki, sasa mnatumia pampu."

Fundi baiskeli akaanza kulia kilio cha msiba, cha uongo, sauti kama ya mbuzi. Wengine wakapokea. Mama aliiuma midomo. Nilimwona anapigana na uso wake mwenyewe, hasira ya majuma yale yote inakataa kuondoka. Akachukua dumu, akammwagia maji ya mto usoni.

"Uwiii!" maiti akapiga kelele, anatema. "Ananiua mara ya pili!"

Basi mama alikaa chini kwenye tuta, akacheka mpaka kitambaa kikamvuka kichwani. Sijui kama nimewahi kuona kitu kizuri kuliko kile.

"Unataka nini, mwizi mkubwa wewe?" akauliza, anapangusa machozi.

"Fidia. Kuanzia majini, urefu wa marehemu."

"Chukua ufe vizuri."

Mzee akalala kupima, miguu ikigusa maji. Akanyanyuka, akalala tena kuanzia pale kichwa kilipoishia. Mama akasema ala, si tumekubaliana marehemu mmoja? Akajibu kwamba Wangoni hawazikwi peke yao, huyu wa pili ni shemeji yake, na wa tatu mjomba. Akawazika ukoo mzima mpaka kichwa kikagusa kigingi cha yule dada wa mabuti. Hapo akasimama, akatoa pamba puani, akasema, "Hapa pametosha. Pangu."

Mama alitazama ule udongo mweusi. Kicheko kilikuwa kimeisha. Akaokota bonge moja, akaliminya, akalitupa upande wa kigingi ulio wake. "Pako," akasema.

Kisha akanigeukia. "Na wewe, mwenyekiti, umesimama tu. Mletee marehemu chai."

Alinisemesha mwenyewe. Sio kupitia kuku.

Ilipoanza kwa mama, nani angekataa? Mzee akashuka bonde, akafa kwa mama wa kabichi, akafa kwa mwenye mbwa, akafa kwa fundi baiskeli ambaye alilia kweli safari hii. Jioni kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye ardhi kando ya mto wote, naye alikuwa marehemu. Watu wakaanza kumletea miche ya milingoti, yaani mikaratusi. Kwetu ukimwambia mtu panda mti, anachosikia ni nguzo na mbao. Tungeipanda ile, kijito kingenywewa chote na tungebaki na uchafu mkavu. Yule dada alishika kichwa. Mzee akasema kwenye mali yake haupandwi mti usionyweka, akaamuru majani ya tembo mbele na mianzi ya ulanzi nyuma. Watu walipanda haraka ajabu.

Sitawadanganya kwamba mvua zilipokuja maji yaling'aa. Yalikuja na tope kama kawaida. Lakini mwaka uliofuata majani yalikuwa yamefika magotini, tope likawa linakaa humo, na povu sikuliona tena. Dereva yule yule akarudi, akanywa kikombe, akaomba cha pili, nami nikamkumbusha maneno yake mbele ya watu. Nikanunua bata wengine.

Krismasi ile mama alituma mahindi. Gunia halikujaa hata nusu. Alikuwa amelifunga kamba mara mbili, juu na katikati, lionekane limesimama. Kaka yangu alinipigia kutoka Dodoma, akaniuliza mama anaumwa? Nikamwambia hapana, amefiwa na mtani. Tukacheka, lakini si kwa muda mrefu.

Mwaka jana mzee akafa kweli. Mtu alipokuja kuniambia, nikamjibu, "Kwa nani safari hii?" Nikamwona uso, nikakaa.

Watoto wake walikuja kutoka Songea na Dar. Msiba ulikuwa mkubwa. Na hapohapo msibani, kwenye mabenchi, nikaanza kusikia minong'ono. Mwenyewe si amekufa? Basi vipande virudi kwa wenyewe. Mmoja alikuwa ameshachagua na aina ya nyanya atakayopanda. Na mimi mwenyekiti ningewaonyesha nini? Hakuna karatasi, kulikuwa na utani tu, na utani ulikuwa ndani ya jeneza.

Tulipofika makaburini, wanaume wakiwa wameshika kamba, mama yangu akasogea mbele na bakora yake. Akakaa chini, taratibu, pwaa, ukingoni, miguu ndani ya kaburi.

"Huyu hashuki," akasema, "mpaka nilipwe."

Watu wakaachia tabasamu. Mtani amekuja kudai. Mtoto mkubwa wa marehemu akainama kwa heshima. "Unadai nini, mama?"

"Baba yako alininyang'anya ardhi yangu pale mtoni."

Nikaona wale wa minong'ono wanasogea, mama wa kabichi na yule aliyechagua nyanya, kwa maana akirudishiwa mmoja wanarudishiwa wote. Na nani angemlaumu? Alikuwa anadai mahindi yake. Alikuwa anadai magunia yaliyojaa.

"Chukua ardhi yako, mama," kijana akasema.

"Yangu?" Mama akamkazia macho. "Nani ametaja yangu? Nataka yote aliyoiba. Kutoka kwenye chemchemi mpaka darajani kwa mwanangu."

Yule kijana hakujua anachotoa. "Chukua yote, mama."

"Mmesikia?" mama akawauliza watu wa bonde, mmoja mmoja kwa macho. "Ni yangu. Atakayegusa tuta moja kando ya maji anaiba kwa mjane wa utani."

Walikuwa wamesikia. Fundi baiskeli akaanza kupiga makofi, akakumbuka yuko makaburini, akaacha.

Mama akajaribu kuinuka, akashindwa. Nikamshika kwapani nikamvuta. Jeneza lilipopita mbele yake aligonga ubao wake kwa bakora, mara moja, kwa nguvu.

"Amka basi, mwongo," akasema. "Mbona siku zote ulikuwa unaamka."

Baada ya kufukia, watu walihitaji maji ya kunawa mikono, na ndoo zilizoletwa zilikuwa tupu. Nikasimama nashangaa pa kuyapata. Mama akanisukuma kwa kiwiko, akaonyesha bondeni, kwenye mianzi.

"Chota pale," akasema. "Ni pangu."